Merit Aliuawa, Andy Akaombewa

Vijana wenzetu, dada na kaka, na nyinyi wa mashirika mnaosoma ukurasa wetu kimya kimya bila kuweka hata like moja: leo tunaanza na jibu, maelezo yatafuata. Hatukubali kibanda cha video kifungwe. Na hatukubali zile video za semina zije kuchukua nafasi yake.

Tunasema hivi kwa sababu wiki hizi maneno ni mengi hapa Dzaleka. Kuna bibi mmoja, mkimbizi kama sisi, anauza makaa kwa vifungu pembeni ya njia. Anaishi peke yake, haongei sana, na macho yake ni mekundu. Hata wewe ukipika kwenye moshi miaka hamsini yako yatakuwa mekundu. Watoto walianza kumwita kwa jina la mchawi wa kwenye muvi moja ya Nigeria iliyorudiwa mara mbili wiki ile. Ulikuwa mchezo. Halafu mtoto wa jirani akaugua homa, na mchezo ukaisha. Usiku mawe yakapiga bati la bibi. Asubuhi akafunga vitu vyake kwenye kitenge, akaenda kujibanza kwa mkwe wake upande wa pili wa kambi, chumba kimoja, watu saba.

Kikao kikaitwa. Wazee wa kanisa moja wakasema muvi za kutisha zinafungulia mapepo mlango, kibanda kifungwe. Shirika moja likasema halitaki kugombana na mtu, lakini lina projekta na lina video za elimu, basi vijana waonyeshwe hizo. Vichwa vikatikisika, chai ikanywewa. Bibi hakualikwa. Hakuna mtu aliuliza atarudi lini kwenye nyumba yake.

Ndiyo maana tumeshika simu tuandike.

Kwanza tuongee muvi yenyewe, maana waliotaka ifungiwe wengi hawajawahi kuiangalia mpaka mwisho. Hizi picha za mizimu za Nigeria zina mama yao. Mwaka 1992 mfanyabiashara Kenneth Nnebue alitoa filamu ya Kiigbo inaitwa Living in Bondage, mwongozaji akiwa Chris Obi Rapu. Haikupitia jumba la sinema. Ilitoka kwenye kanda za VHS, ikauzwa sokoni, watu wakaiangalia nyumbani, na biashara yote tunayoiita leo Nollywood ikashika njia hiyo. Kama hujaiona, umeona watoto wake na wajukuu zake. Habari ni hii: Andy hana pesa na anaona wenzake wana magari. Rafiki yake Paulo anamwingiza kwenye kundi la matajiri wanaomwabudu shetani. Sharti lao ni atoe kafara mtu anayempenda kuliko wote. Andy anamtoa mke wake, Merit. Pesa zinakuja. Anataka kuoa mwingine, na hapo mzimu wa Merit unaanza kumtokea, mpaka anapata wazimu na kula jalalani. Mwishowe anapelekwa kanisani, anakiri, anaombewa, anapona.

Soma tena polepole. Aliyeuawa ni nani? Merit. Aliyepona ni nani? Andy. Na sisi tuliojazana kibandani, tulikuwa tunamwogopa nani? Merit! Mke ameuliwa na mume wake mwenyewe, amerudi kudai, na muziki unabadilika, na sisi tunafunika macho kwa mikono kana kwamba yeye ndiye aliyekosa. Andy akipiga magoti tunapiga makofi. Mwaka 2019 Ramsey Nouah alitoa sehemu mpya, Living in Bondage: Breaking Free, na humo Andy ameshakuwa mtumishi wa Mungu. Amepata kazi mpya. Merit bado yuko kaburini.

Hatusemi toba ni mbaya. Kambini hapa nani hana kitu cha kuombea? Tunasema tu kwamba ukiangalia picha hiyo miaka thelathini, wewe na wazazi wako na wadogo zako, inakufundisha mahali pa kuweka woga wako na mahali pa kuweka huruma yako. Woga unamwekea mwanamke. Huruma unamwekea aliyemfanyia.

Na siyo Merit peke yake. Chukua flashi yoyote ukague. Mama mkwe anakula mimba za mke wa mtoto wake. Mke wa pili ana chupa chini ya kitanda. Msichana mzuri wa mjini kumbe ametoka baharini, ana mkia. Tanzania nao hawakubaki nyuma. Enzi za miaka ya 2000 Mussa Banzi alitutisha na Shumileta, jini wa kike, na dada zetu wakubwa bado wanalikumbuka hilo jina. Mwanaume mbaya kwenye hizi picha ni jambazi au tajiri, unajua alivyofika pale. Mwanamke mbaya hana historia. Amezaliwa hivyo tu.

Halafu anakuja mtafsiri, na hapa tunataka tueleweke, kwa sababu hii kazi tunaipenda. Lufufu wa Dar es Salaam na DJ Afro wa Nairobi wamefanya mama zetu ambao hawajui neno moja la Kiingereza wacheke na Jackie Chan kama ni jirani yao. Hiyo ni sanaa, kamwe hatutaidharau. Lakini mwenye maiki ana nguvu kuliko mwenye kamera. Hapa kambini wale kati yetu waliofika Form Four walimsikia kwa masikio yao mwanamke kwenye skrini akisema kwa Kiingereza, niachie niende. Mtafsiri wetu akasema: nimekuja kwa ajili ya mtoto wako. Kibanda kizima kikapiga kelele. Yule mwanamke hakuwa amesema lolote kuhusu mtoto. Ile kelele iliuza tiketi za kesho yake, na kiingilio ni bei ya mandasi mbili, kwa hiyo tunaelewa biashara. Ila watoto waliokaa chini mbele, kwenye turubai, walitoka na sentensi ambayo hakuna mtu aliiandika popote.

Sasa mtu atasema, nyinyi vijana mnakuza mambo, muvi ni muvi. Wengi wetu tumetoka Kivu. Septemba 2021 kule Kivu Kusini, Kabare, Walungu na Kalehe, wanawake wanane waliuawa ndani ya mwezi mmoja kwa kuitwa wachawi, wengine walichomwa, wengi wao wakiwa wazee waliopita miaka sitini. Waliowataja ni watu wanaoitwa bajakazi, wanaodai wanaona uchawi ndani ya mtu, na wengi wa hao bajakazi ni wanawake pia. Upande wa Tanzania, Shinyanga na Mwanza, bibi zetu wa Kisukuma wameuawa miaka na miaka kwa sababu ya macho mekundu, yale yale ya moshi. Wenyeji wetu hapa Malawi nao wanajua. Mwaka 2017 kusini, Mulanje na Phalombe, ulitokea uvumi wa wanyonya damu, anamapopa. Makundi yaliua watu barabarani, Umoja wa Mataifa ukaondoa wafanyakazi wake sehemu hizo, serikali ikakataza watu kutembea usiku.

Wazee wetu, kwa heshima zote, hapo ndipo hoja yenu inapovunjika. Uvumi wa Mulanje haukuhitaji skrini. Bajakazi hawana projekta. Mkifunga kibanda leo, habari ya mwanamke mchawi itaendelea kisimani, kwenye minibasi, na tusiogopane, itaendelea pia kanisani, kwenye spika kubwa, siku ya ushuhuda, ambapo tumesikia mama mkwe wa mtu akitajwa mbele ya watu mia. Kibanda angalau ukitoka unaweza kusema ilikuwa uongo.

Na kama ni kutafuta dawa, ipo moja ya zamani ambayo kikaoni hakuna aliyeitaja. Sheria ya Uchawi ya Malawi ni ya 1911, ya wakoloni, na ina mengi ya kubishania, lakini kwa sheria hiyo kumwita mtu mfiti ni kosa. Anayeshtakiwa ni yule anayenyosha kidole. Waliorusha mawe kwenye bati la bibi wanajulikana. Tulitegemea kusikia hilo, tukasikia habari za mapepo.

Tuje kwenu wa mashirika. Tunajua mna nia nzuri, na wengine wenu ni marafiki zetu. Lakini zile video zenu, jamani! Baba anampiga mama. Jirani anakuja na shati limepigwa pasi, anashauri kwa sauti ya redio. Baba anainamisha kichwa. Wote wanatabasamu, nembo inatokea, namba ya simu ya bure inatokea. Dakika kumi na mbili. Hakuna anayeogopa, hakuna anayekasirika, hakuna anayerudi kesho yake kuiona tena. Tumewahi kubeba viti vya maonyesho hayo kama wajitoleaji, tumeona watu wanakaa kwa sababu ya soda.

Mnatuuliza kwa nini wasichana wa kambi wanapenda picha za kutisha. Nendeni nao chooni saa nne usiku bila tochi. Nendeni nao kisimani saa kumi alfajiri, foleni haijaanza, na kuna kaka wawili wamekaa tu pale hawana ndoo. Dzaleka ilikuwa gereza la kisiasa enzi za Kamuzu, ikafanywa kambi mwaka 1994, ikapangiwa watu elfu kumi na kitu, leo tumepita 50,000. Giza lake tunalijua. Picha ya kutisha inaanza na kitu ambacho msichana anakijua tayari: kuna mtu nyuma yako, na ukisema hawatakuamini. Video ya semina inaanza na namba ya simu.

Kwa hiyo tunataka nini? Tunataka picha za kutisha zilizosimama upande wa Merit. Zipo.

Mwenzetu mmoja anayefanya vibarua Lilongwe, upande wa soko la Tsoka, alituletea moja kwenye flashi. (Kwenda Lilongwe ni chini ya kilomita hamsini, lakini tangu serikali ilipoamuru mwaka 2023 wakimbizi wa mijini warudi kambini, hizo kilomita zimeongezeka, mnaelewa.) Inaitwa I Am Not a Witch, maana yake mimi si mchawi. Ilitoka 2017. Aliyeiandika na kuiongoza ni mwanamke, Rungano Nyoni, mzaliwa wa Lusaka aliyekulia Wales, na mwaka uliofuata Uingereza walimpa tuzo ya BAFTA kwa filamu hiyo ya kwanza. Watu wake wanaongea Kibemba, Kiingereza na Kinyanja, na Kinyanja ni hii hii Chichewa ya sokoni kwetu, kwa hiyo sehemu kubwa haikuhitaji mtafsiri.

Mtoto wa kike wa miaka kama minane amesimama njiani. Mama aliyebeba ndoo ya maji anamwona, anaanguka, maji yanamwagika. Basi, mtoto ni mchawi. Polisi kuna mwanaume anatoa ushahidi kwamba huyu mtoto alimkata mkono kwa shoka. Mikono yake yote miwili ipo! Kumbe ilikuwa ndoto. Tulicheka, halafu kicheko kikakwama. Mtoto anapelekwa kwenye kambi ya wachawi, na wachawi wote ni wanawake, wengi bibi. Kila mmoja amefungwa utepe mweupe mgongoni, mrefu, umezungushwa kwenye gurudumu kubwa la mbao, ili asiruke kwenda kuua watu. Wanaambiwa ukikata utepe unageuka mbuzi. Wanapakiwa kwenye lori na magurudumu yao kwenda kulima. Watalii wanakuja na basi kuwapiga picha. Afisa wa serikali, Bwana Banda, anamchukua yule mtoto amtumie kukamata wezi na kuleta mvua, na kila mara yeye ndiye anayeongea. Mke wake mwenyewe alikuwa mmoja wa wale wachawi. Amepewa heshima kwa kuolewa.

Tuliiangalia watu kumi na wanne kwenye kompyuta moja ndogo, nyumba ya mwenzetu, Likuni. Hakuna pepo hata moja kwenye hiyo filamu, wala damu, wala muziki wa kushtua. Lakini sisi tunaotazama picha za kutisha tangu utotoni tunasema hii imetutisha kuliko zote, na tunajua kwa nini. Kuna kambi. Kuna watu wamefungwa na kitu chembamba ambacho hata mtoto angeweza kukikata, na hawakikati. Kuna wageni wenye kamera. Kuna bwana anayeongea kwa niaba yenu. Kaka mmoja aliyekaa nyuma akasema, huo utepe ni kibali cha kutoka. Hakuna aliyecheka. Halafu dada mmoja akamjibu: wewe unao mmoja, bibi wa makaa anayo miwili.

Hilo jibu ndilo tulitaka mlisikie kikaoni.

Zipo nyingine. Atlantique ya Mati Diop, Senegal, ilipata tuzo kubwa ya pili Cannes mwaka 2019: vijana wa ujenzi wanadhulumiwa mshahara, wanapanda mtumbwi kwenda Hispania, wanazama. Usiku roho zao zinawaingia wasichana, na wasichana wanakwenda kwa tajiri kumdai hela ya marehemu. Waleteni wazee watuambie hayo mapepo yana kosa gani. Hata Marekani wana yao, Jennifer's Body ya 2009, imeandikwa na mwanamke na kuongozwa na mwanamke: wanamuziki wanamtoa kafara msichana wa shule ili wapate umaarufu, naye anarudi na njaa. Ni hadithi ya Andy na Merit kabisa, ila safari hii kamera inabaki na Merit. Kampuni iliitangaza kwa wavulana, kwa picha ya mguu wa msichana, wavulana hawakuelewa, sinema zikabaki tupu. Miaka baadaye wasichana wakaikuta wenyewe kwenye DVD na intaneti, nyumbani, wakaishika. Hiyo moja haifai watoto, tunasema mapema, msije mkatuitia kikao kingine.

Tunajua jibu la baadhi ya kaka zetu, tayari limeshaandikwa chini ya posti iliyopita: hizi ni habari za wazungu za kutetea wanawake, haki sawa haki sawa. Rungano ni wa Zambia, jirani hapo. Mati baba yake ni Msenegali. Na mwanamke aliyeuliwa akarudi kudai, kaka, hiyo hadithi hukuisikia kwa bibi yako? Zamani mzimu ulikuwa na kesi. Watu walikaa chini wakauliza, marehemu anadai nini, tumemkosea wapi, walipe ng'ombe. Ni kwenye VHS ndipo mzimu ulipogeuka kuwa pepo wa kukemewa tu.

Madai yetu yanajulikana lakini tunarudia. Kibanda kibaki. Siku ya Jumamosi jioni maiki ishikwe na dada zetu. Tunao watatu ambao Kiingereza chao ni kizuri na Kiswahili chao cha Bukavu kinachekesha kuliko cha mtafsiri wa sasa, na yeye mwenyewe amekubali kuwafundisha kupandisha na kushusha sauti. Watoto chini ya miaka kumi na miwili watoke saa kumi na mbili jioni, hata kama wamelipa. Shirika lenye projekta liazime projekta, bila nembo, bila dakika tano za hotuba kabla. Na kamati ya mtaa iende kwa bibi, na viongozi wawili na fundi mmoja, maana bati limetoboka na mvua za Novemba zinakuja.

Jumamosi hii tunaonyesha I Am Not a Witch. Wanawake na wasichana ni bure, kaka zetu mandasi mbili kama kawaida. Umeme hatuuamini, tunatumia jenereta. Petroli imepungua lita tatu. Mwenye uwezo aje inbox.